Dakika ya Pili ya Nyanjige Bujiku

Nyanjige Bujiku alikuwa na miaka hamsini na sita alipoanza kulala mlangoni. Sisemi karibu na mlango. Mlangoni penyewe, juu ya gunia la pamba lililokunjwa mara mbili, mgongo ukiegemea mbao, kwa sababu mlango wa nyumba ile hufunguka kwa ndani, na mtu akilala pale hakuna anayetoka mpaka yeye asogee. Alilinda hivyo miezi kumi na moja. Wapo watu wa Dutwa watakaokwambia kwamba Nyanjige ni binti wa mzee Bujiku aliyekuwa na ng'ombe wengi, kwamba aliolewa Ipililo, akafiwa na mume, akarudi kwao. Yote ni kweli. Mimi nikimkumbuka, naliona gunia lile.

Aliyekuwa akizuiwa kutoka ni mama yake, bibi Milembe. Alianza kwa kusahau vitu vidogo: chumvi kwenye mboga, jina la mjukuu, siku ya gulio. Mwanawe wa kiume, Machibya, anayeuza vipuri vya baiskeli Bariadi mjini, alisema ni uzee tu, uzee hauna dawa. Kisha Jumapili moja mama yake akamuuliza kwa adabu kabisa yeye ni mtoto wa nani. Machibya akatoka nje, akampigia simu dada yake Ipililo: "Njoo umwangalie mama. Mimi nina duka." Nyanjige akaja na begi moja, akidhani ni kwa msimu mmoja wa kilimo.

Kila alfajiri Milembe aliamka kwenda kuteka maji. Hakuna aliyemtuma. Pampu ya maji iko hatua chache tu toka nyumbani, mpaka mtoto mdogo huenda na ndoo akarudi. Lakini bibi hakuwa anakwenda kwenye pampu. Alikuwa anakwenda kwenye lambo la zamani, lile bwawa walilokuwa wakinyweshea ng'ombe alipokuwa bibi harusi, na alikwenda kwa njia ya wakati ule. Tabu ni kwamba njia ile haipo tena. Jirani yao Mhoja amejenga juu yake, amezungushia minyaa, na zizi lake liko pale pale njia ilipokuwa inakata kona. Kichwa cha Milembe kilikuwa kimewasahau wanawe, ila miguu yake haikusahau kitu. Alitoboa minyaa, akapita katikati ya ng'ombe wa watu kibuyu mkononi, akinong'ona na wanawake wenzake wa kisimani ambao wengi wao tuliwazika mimi nikiwa sijazaliwa.

Sasa wewe jiweke mahali pa Mhoja. Ni alfajiri, umetoka nje kwa haja zako, unamkuta kikongwe mwenye macho mekundu amesimama zizini mwako anaongea na watu usiowaona. Macho yale yalikuwa mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba, kama ya kila bibi aliyewahi kupika huku kwetu. Lakini ni nani atakayekaa kufikiri habari za moshi saa hiyo? Mwezi ule ule ndama wawili wa Mhoja wakafa. Akaja kwa Nyanjige mchana, akasalimia vizuri, akapokea kigoda, akauliza habari za shamba. Kisha akasema:

"Dada, mimi na mama hatuna ugomvi. Nimemkuta mara mbili nimenyamaza. Nikimkuta ya tatu nitalisema kwenye mkutano. Nikishalisema, yatakayofuata siyo yangu."

Nyanjige alielewa. Alipokuwa msichana, bibi mmoja wa kijiji cha pili alikutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga, na aliyemkata hajatajwa mpaka leo ingawa watu wote humsalimia. Jioni ile akalitoa gunia ghalani.

Mimi naitwa Jenifer Masunga. Kwetu ni hapo hapo Dutwa, ng'ambo ya barabara, na nilipokuwa nasoma shule ya msingi bibi Milembe alikuwa akitugawia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukipita kwake na njaa. Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi kwenye mradi wa utafiti wa afya uliopanga vyumba viwili Bariadi. Mkuu wetu aliitwa Dokta Method, mtu mpole, anayeongea kana kwamba kila mtu ana mgonjwa wa kichwa chumba cha pili. Mradi ulikuwa unawashughulikia watu wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Siyo wazee wenyewe, wanaowauguza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao walikuwa wamekilalia miaka.

Kwenye makaratasi tuliandikwa "jamii yenye uwakilishi mdogo." Nilicheka. Wasukuma, ambao ukirusha jiwe popote nchi hii utampiga mmoja, leo tumekuwa wachache! Dokta akanieleza kwamba ni wachache ndani ya mashine. Sauti zilizokuwa zimeifundisha zilikuwa za watu wa mbali wenye lugha zao. Za Kisukuma hazikujaa hata kiganja.

Mashine yenyewe ilikuwa akili mnemba ya aina ya kujifunza kwa kina. Haifundishwi kwa kuambiwa. Hujifunza kama mtoto wa mfugaji anavyowajua ng'ombe wa kwao: hakuna aliyemkalisha chini akamweleza pembe na madoa, amewaona tu, wengi, siku nyingi, na kila mara mtu mzima alikuwepo wa kumwambia huyu wetu, huyu siyo wetu. Mashine nayo hulishwa maelfu ya sauti, kila sauti na rangi yake. Kijani, mlezi yuko salama. Njano, anachoka. Nyekundu, anakaribia kuvunjika. Tabaka juu ya tabaka hujitafutia yenyewe alama za uchovu, alama ambazo hata aliyeiunda hawezi kukuonyesha. Na yule mtu mzima wa kuiambia hii kijani, hii nyekundu, nilikuwa mimi.

Kila mlezi alipewa simu. Kila siku alasiri abonyeze, aongee anavyotaka. Mashine ikisikia nyekundu, kabla ya siku kuisha angefika nesi pamoja na mlezi wa zamu. Nesi aongee na majirani na serikali ya kijiji, awaambie huu ni ugonjwa, una jina, hauna uchawi. Mlezi wa zamu akae siku saba, ili mwenye nyumba alale. Niliyempelekea Nyanjige simu na kumweleza haya ni mimi. Alisikiliza yote, mama yake akiwa amekaa pembeni anachambua mchanga kana kwamba ni mchele. Kisha akauliza swali moja tu.

"Siku saba za kulala?"

"Siku saba, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Kitandani?"

Nilimwambia ndiyo, kitandani. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

Jambo ninalolijutia lilifanyika kabla ya hapo, ofisini, kwenye kikao cha kwanza, na halikuchukua hata muda wa kunywa chai. Dokta Method alieleza kwamba mashine itasikiliza dakika ya kwanza tu ya kila ujumbe. Mtandao wa vijijini hauna nguvu, ujumbe mrefu unakwama njiani. Dakika ya kwanza itumwe papo hapo, iliyobaki ifike baadaye ihifadhiwe. Huko mashine ilikojaribiwa mwanzo, alisema, dakika moja ilitosha, maana mtu huanza na kinachomuuma. Akanigeukia.

"Jenifer, wewe ndiye mwenyeji wetu. Kuna desturi yoyote ya huku tunayopaswa kuijua?"

Nilijua. Mtoto wa miaka sita wa Dutwa anajua. Huku kwetu hakuna anayeanza na kinachomuuma. Unaanza na mwadila, unajibiwa mwadila, unaulizwa mhola, unajibu mhola duhu, yaani ni amani tu. Ng'ombe je? Mhola. Watoto? Mhola. Mvua, shamba, kaka wa mjini? Mhola, mhola, mhola. Yakiisha hayo ndipo unavuta pumzi na kusema mtoto amefariki. Na jambo likiwa zito, salamu huwa ndefu zaidi, kwa sababu mtu aliyelelewa hamtupii mwenzake mzigo kabla hajakaa vizuri. Siku baba yangu mdogo alipofariki, aliyeleta habari alituuliza mpaka hali ya kuku.

Nikasema, "Hapana, Dokta. Iko sawa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ni aibu tupu. Walikuwepo wageni wawili kutoka Dar es Salaam, wana kompyuta nyembamba na maneno mazuri, na mimi nilikuwa na blauzi mpya na cheo cha mtaalamu wa lugha. Nilitaka nionekane msomi. Sikutaka siku ya kwanza tu nianze hadithi za kijijini za kusalimiana mpaka kuku.

Kwa miezi minne nikazipa rangi zile dakika za kwanza. Ningeweza kuomba zile ndefu, hakuna aliyenikataza. Lakini zilikuwa mamia kila wiki, na mwongozo ulisema dakika moja. Sauti imetulia, mtu anasema mhola, basi kijani. Waliokuwa na mambo madogo walisalimia haraka haraka, wakalalamika ndani ya dakika, wakapata njano. Waliokuwa wanazama walisalimia kwa utulivu, kirefu, kama walivyofundishwa na mama zao, nami nikawapa kijani. Mashine ikajifunza kwa bidii. Ikajifunza kwamba kadiri salamu inavyokuwa ndefu ndivyo mtu alivyo salama. Ilipopimwa ikapata zaidi ya tisini kwa mia, tukapiga makofi. Ilikuwa imefaulu mtihani nilioutunga na kuusahihisha mwenyewe.

Nyanjige ndiye aliyekuwa wa kijani kuliko wote. Dokta aliwahi kuionyesha chati yake kikaoni: mstari mmoja wa kijani, siku baada ya siku, umenyooka kama mfereji. Alimwita mlezi imara. Jina lake halikutajwa, lakini mimi nilijua ni nani, na nilijisikia fahari, maana ni mtu wa kwetu.

Nilikutana naye mara moja katika miezi ile, gulioni Dutwa. Alikuwa amesimama mbele ya mwanamke anayeuza michembe ya viazi vikavu, na nilipomkaribia nikaona amelala. Amesimama hivyo hivyo, mkono umeshika kikapu, macho yamefumba. Bibi alikuwa ameachwa kwa shemeji ya Nyanjige kwa saa moja. Nikamgusa.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, ng'wanone," akasema. Ng'wanone ni mwanangu, ndivyo wanawake wa umri wake wanavyotuita sote. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za baba. Nikajibu zote. Kisha akanyamaza akinitazama, na mimi nikatazama gari la Bariadi lililokuwa linapakia.

"Ujumbe wangu mnaupata?" akauliza.

"Tunaupata, mayu."

"Wote?"

"Wote," nikasema, nikakimbilia gari.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, pamba ikiwa imejaa mashambani, watu waliokuwa wanapeleka ng'ombe kunywa walipomkuta bibi Milembe ndani ya lambo. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika kiunoni. Kibuyu chake kilikuwa kinaelea pembeni. Mwenyekiti wa kijiji alimkagua mara tatu akitafuta jeraha, maana ndilo lililokuwa kwenye akili ya kila mtu, na hakuona hata mkwaruzo isipokuwa wa minyaa. Aliyeingia majini kumbeba ni Mhoja. Nilimsikia msibani akisema, na kulia akiwa analia kweli: "Amepita kwangu. Minyaa imetoboka upya. Amepita ng'ombe wala hawakushtuka, na mimi sikuamka." Mtu aliyetuogopesha miezi yote ile ndiye aliyechimba kaburi mpaka mwisho.

Watu waliuliza mlango ulifungukaje. Kijiji kizima kilijua habari za gunia. Nyanjige akasema alikuwa ametoka kwenda chooni. Machibya akawaambia wamwache dada yake apumue, wakamwacha.

Nilirudi ofisini Ijumaa, nikafungua chati. Jumanne, siku moja kabla: kijani. Jumatano hakukuwa na ujumbe. Alhamisi, siku ya maziko, kulikuwa na ujumbe. Kijani.

Niliomba nifunguliwe zile sauti nzima zilizohifadhiwa, zilizokuwa hazijaguswa na mtu. Kwa upande wa Nyanjige zilikuwa mia mbili thelathini na sita mpaka siku ile ya lambo. Nikavaa visikio, nikaanza na ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nikavuka dakika moja.

Kila siku ilikuwa hivi. Salamu zote, taratibu, hata za ng'ombe ambao hana. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayetua ndoo. Kisha anasema "Haya," na sauti inakuwa ya mtu mwingine.

"Haya. Leo ameniita mwizi. Amesema nimevaa kanga ya binti yake. Nimemuuliza binti yako nani, akasema Nyanjige."

"Haya. Mkono wa kulia haushiki. Nimemwaga maziwa yote. Ninyi watu wa simu, mlisema mtakuja."

"Haya. Nimeomba Mungu amchukue. Halafu nikaomba asinisikie."

"Haya. Leo nimemfinya. Nimemfinya kwa nguvu mkononi, akalia kama mtoto, akaniuliza nimekukosea nini, mgeni. Njooni. Msiponionea huruma mimi, muoneeni yeye."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na maisha ya ule uani: kuku, mtwangio wa jirani, na mnong'ono wa bibi Milembe usiokatika, anaongea na wenzake wa kisimani. Siku nyingine bibi alikuwa karibu sana na simu, ukasikia pumzi yake. Nilikuwa nazisikiliza mchana, dirisha wazi, bodaboda zinapita, na bado nilikuwa nageuka nyuma kuangalia nani amekaa. Ikafika mahali mtu akinisalimia barabarani akasema mhola, najikuta nimesimama nasubiri. Watu wakaniuliza, "We Jeni, vipi?" Niliwaona midomo imefunga na bado nasubiri waseme haya.

Nilimweleza Dokta Method kila kitu, pamoja na kile kikao cha kwanza. Akaizima mashine siku ile ile, na kwa siku kumi na tisa manesi wakazunguka vijiji vyote, kwa kila mlezi wa kijani. Wengine waliwakuta vibaya sana, ila waliwakuta. "Kosa ni la mradi, Jenifer," aliniambia. Ningependa angenitukana.

Nilizisikiliza zote isipokuwa moja. Ile ya Jumanne. Kila nikiishika, kidole kinakataa. Nikaihamishia kwenye simu yangu nikijiambia nitaisikiliza nyumbani, na nyumbani nikasema kesho. Ikafika mwezi wa kumi.

Kilichonipeleka Dutwa ni kwamba Nyanjige alikuwa bado anatuma ujumbe. Mama yake amezikwa, mradi umesimama, hakuna aliyemwagiza, na kila alasiri simu yake inaingia: mwadila, mhola. Siku hizi baada ya salamu hakukuwa na haya. Kulikuwa na kimya tu, mpaka simu inajikata.

Nilimkuta uani anavunja miti ya pamba ya kuni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, ardhi inanukia. Alikuwa amekonda, lakini hakuwa mgonjwa. Akaniletea kigoda. Kupitia mlango ulio wazi nililiona gunia, bado liko pale pale chini, limekunjwa mara mbili.

"Bado unalala hapo, mayu?"

"Kitandani usingizi hauji," akasema.

Tukasalimiana. Akaniuliza baba, nikasema mhola. Nikamuuliza Machibya, akasema mhola. Tukamaliza mvua na mashamba na kuku. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya gulioni. Nikanyamaza, nikakaa. Gari la Bariadi likapiga honi barabarani, likaondoka, nikaliacha liende.

Alivunja miti mitatu au minne. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Ule ujumbe wa mwisho," akasema. "Wa siku moja kabla. Mliusikia?"

Nikaigusa simu yangu mfukoni.

"Niliwaambia," akaendelea. "Niliwaambia kwamba kesho akija mlangoni nitasogea. Nikawaambia njooni leo. Nikakaa nawangoja mpaka giza." Alikuwa ananitazama usoni, bila hasira yoyote. "Mwanangu, miezi hii mitatu kitu kimoja tu ndicho kinachonilaza hata hicho kidogo. Nasema, wale watu wa simu walisikia. Wamesoma, wana madaktari. Kama lingekuwa jambo baya wangekuja kunizuia. Hawakuja. Basi waliona ni haki yangu nipumzike."

Ninajua uongo wa kumpa mtu kama huyo. Ulikuwa mdomoni, mtamu, wa neno moja. Ningesema tulisikia, angelala. Lakini nilishamdanganya kwa neno moja gulioni, na nimeona lilikoishia.

"Hatukuusikia, mayu," nikasema. "Hakuna hata mmoja. Tulikuwa tunasikia salamu tu."

"Salamu tu."

"Ndiyo. Kosa ni langu. Nilijua tunavyosalimia, nikanyamaza."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu, akaweka mkono mdomoni. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Badala yake akageuka akautazama mlango.

"Basi nilikuwa peke yangu," akasema. "Alinigusa begani. Kila siku alikuwa ananigusa, nami nasema rudi ukalale, mama, anarudi. Siku ile sikusema. Nikavuta miguu, nikasogea mpaka ukutani. Akainua gauni, akanivuka taratibu, vile mtu anavyomvuka mtoto aliyelala. Nikasikia minyaa. Halafu nikalala, mwanangu. Nililala mpaka jua likanichoma usoni. Sijawahi kulala vile tangu niolewe."

Nilikuwa nalia, na nilijua sina haki ya kulia mbele yake. Yeye hakulia.

"Unao hapo? Huo ujumbe?"

"Ninao. Sijawahi kuufungua."

"Ufungue."

Niliweka simu katikati yetu, juu ya rundo la miti ya pamba. Sauti yake ikatoka, ya miezi mitatu nyuma, imetulia kama maji ya mtungini. Mwadila. Mhola. Ng'ombe, mhola. Watoto wa Machibya, mhola. Dakika ya kwanza ikapita. Kimya. "Haya," ikasema simu, na sote wawili tukainama.

"Haya. Mimi nimefika mwisho. Kesho akinigusa nitasogea, aende anakokwenda. Nawaambia ninyi kwa sababu sina wa kumwambia. Kama ni vibaya njooni leo, leo hii, mniambie ni vibaya..."

Chini ya maneno yake kulikuwa na sauti nyingine. Siku zote ilikuwepo, ule mnong'ono, kwa hiyo mwanzo sikuijali. Nyanjige ndiye aliyeinua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Bibi Milembe alikuwa amekaa karibu sana na simu. Hakuwa anaongea na wenzake wa kisimani. Katikati ya "nimefika mwisho" na "kesho akinigusa," Nyanjige alipokuwa anaongea kwa nguvu bila kusikia kingine, mama yake alisema polepole, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake zote:

"Lala, ng'wanone. Maji nitateka mimi."

Kwa mwaka mzima na nusu alikuwa amemwita mwizi na mgeni.

Nyanjige aliniomba nirudishe tena, nikarudisha. Mara ya nne alikuwa ameweka sikio juu kabisa ya simu, macho yamefumba, kama nilivyomkuta gulioni. Alipoinuka alitazama gunia, siyo mimi.

"Alinijua," akasema. "Alinijua, na mimi nikasogea."

Akainama tena, akaniambia nirudishe.